Mchezoni Kosa Halina Fimbo: Michezo ya Video na Elimu ya Watoto wa Pwani ya Cabo Delgado

Hakuna askari aliyepitia mafunzo ya uongozi asiyeijua meza ya mchanga. Mkufunzi humwaga mchanga, akaufinyanga kuwa vilima na mabonde, akachora mto kwa chokaa, akaweka kijiti mahali pa daraja na kokoto mahali pa adui, kisha akamwita mwanafunzi mmoja mmoja na kumwambia: "Kikosi hiki ni chako, kiongoze." Katika chuo cha makadeti vizibo vya soda ndivyo vilivyokuwa magari yetu ya deraya. Mtu aliweza kukipoteza kikosi kizima kabla ya chakula cha mchana, akachekwa na wenzake jioni, na kesho yake akarudi mezani na akili mpya. Hakuna aliyezikwa kwa kosa la mezani.

Kujifunza kwa kucheza ni desturi kongwe jeshini. Mwaka 1824 ofisa kijana wa jeshi la Prussia, Georg von Reisswitz, alimwonyesha mnadhimu mkuu wa jeshi lao mchezo wa vita uliochezwa juu ya ramani kwa vipande vidogo. Mnadhimu yule aliuketia bila hamu, lakini kabla ya kuinuka alikwisha kukubali kwamba hayo yalikuwa mafunzo halisi ya vita, akaupendekeza kwa jeshi zima. Tangu hapo hadi mitambo ya leo ya kulengea shabaha kwa mwanga badala ya risasi, majeshi ya dunia yamekuwa yakicheza, na hakuna raia aliyethubutu kuyaambia kwamba yanapoteza wakati.

Lakini sisi hao hao, tukirudi nyumbani likizo na kumkuta mtoto ameinamia simu, neno la kwanza kututoka ni kwamba anapoteza wakati. Mara nyingi, kwa hakika, tunasema kweli. Ipo michezo mingi ambayo faida yake haionekani hata kwa darubini. Walakini ipo mingine iliyotungwa kwa makusudi ya kumfundisha mtoto kusoma, kuandika na kuhesabu, naye akidhani anacheza tu. Na baadhi ya iliyo bora kabisa duniani ilipimwa hapa hapa kwetu, kwa Kiswahili, katika vijiji vya Mkoa wa Tanga. Kwa michezo ya video nakusudia ile inayochezwa juu ya kioo cha simu, cha kompyuta, au cha kile kibao chembamba ambacho siku hizi huitwa kishikwambi. Na ninapoandika habari hizi macho yangu yameelekea kusini ya Ruvuma, kwenye pwani ya Quionga, Palma na Mocímboa da Praia, ambako wengi wa wasomaji wa ukurasa huu wana ndugu, jamaa au wenzao wa kazi.

MIAKA ILIYOPOTEA

Tumchukue mtoto wa Palma aliyezaliwa mwaka 2012. Nyumbani anasema Kimwani, ambacho ni ndugu wa karibu wa Kiswahili, au Kimakonde. Sokoni na kwenye majahazi anasikia Kiswahili chenyewe. Na siku anapoingia darasa la kwanza mwalimu anamsomea Kireno. Mtaala wa shule za msingi wa Msumbiji wa mwanzoni mwa miaka ya 2000 uliruhusu lugha 16 za nchi hiyo, Kimwani na Kimakonde zikiwamo, kutumika katika madarasa ya mwanzo, na hilo ni jambo la kusifiwa. Lakini ruhusa ni kitu kimoja, na kitabu mkononi mwa mtoto ni kitu kingine.

Mtoto wetu huyo alipaswa kuanza shule mwaka 2018. Miezi michache kabla, alfajiri ya tarehe 5 Oktoba 2017, vituo vya polisi vya Mocímboa da Praia vilishambuliwa, na vita vikaanza. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kikaipiga pwani ya mkoa huo na kuezua mapaa ya shule ambazo vita vilikuwa havijazifikia. Agosti 2020 mji wa Mocímboa da Praia uliangukia mikononi mwa waasi, na haukukombolewa ila baada ya mwaka mzima, mwezi Agosti 2021, na majeshi ya Msumbiji na Rwanda. Tarehe 24 Machi 2021, mtoto huyo akiwa na umri wa miaka 9 hivi, zamu ya Palma ilifika. Kufikia mwishoni mwa mwaka 2022 watu waliokimbia makwao katika vita hivyo walikuwa zaidi ya milioni 1, na karibu nusu yao walikuwa watoto.

Wengi wamerejea tangu hapo. Lakini aliyerejea akiwa na miaka 11 au 12 bila kujua herufi hana mahali pake darasani. Akiketi na wa rika lake hafahamu kinachosomwa. Akiketi na wadogo anaona haya, na haya ya mtoto wa kiume wa miaka 12 si ndogo. Mtoto wa namna hiyo huacha shule kimya kimya, bila hata kuaga. Na sisi tulioko katika kazi za ulinzi tunajua ni nani anayemsubiri huko nje. Mwaka 2021 shirika la Human Rights Watch lilitoa habari za wavulana waliotekwa na waasi, wakafundishwa silaha na kutumiwa vitani, hata katika shambulio la Palma lenyewe. Basi habari ya mtoto kujua au kutojua kusoma, katika pwani hiyo, haikuachwa kwa walimu peke yao.

ASILI YA MAMBO HAYA NI KWETU

Asije mtu akasema kwamba kufundisha kwa mchezo kumeletwa na wazungu pamoja na simu. Mtazame msichana anayecheza mdako: anarusha jiwe moja juu, na kabla halijarudi mkononi ameondoa kokoto shimoni, akarudisha zilizozidi, akabakiza idadi aliyokusudia. Hapo pana kujumlisha na kutoa, tena kwa kasi ambayo mwalimu wa hesabu angeitamani. Bao nalo, ambalo huchezwa pande zote mbili za Ruvuma, ni chuo kizima. Bao la Kiswahili lina mashimo 32, yaani safu 4 za mashimo manane manane, na kete 64. Kila mchezaji huanza akiwa na kete 10 ubaoni, 6 kati yake zikiwa katika nyumba, na 22 mkononi akizinamua moja baada ya moja. Fundi wa bao huona mahali kete ya mwisho itakapoangukia kabla vidole vyake havijagusa shimo. Huyo hakufundishwa hesabu kwa ubao mweusi.

Wataalamu wa Msumbiji waliliona jambo hili zamani. Paulus Gerdes, aliyefariki mwaka 2014, alitumia miaka mingi kuonyesha hisabati iliyofichika katika ususi wa vikapu na mikeka ya wananchi. Mwenzake, Abdulcarimo Ismael, aliandika tasnifu yake ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, Afrika Kusini, mwaka 2002, juu ya tchadji, mchezo wa jamaa moja na bao unaochezwa nchini Msumbiji, na juu ya namna unavyoweza kutumika kufundishia hisabati shuleni. Kwa hiyo anayepeleka mchezo wa kufundishia katika pwani ile hapeleki mgeni; anampelekea mwenyeji ndugu yake aliyevaa nguo mpya.

KILICHOTOKEA TANGA

Mwaka 2014 taasisi ya Marekani iitwayo XPRIZE ilitangaza shindano la dunia nzima. Masharti yake yalikuwa magumu: atungwe mchezo, au programu ya masomo, itakayomwezesha mtoto kujifunza mwenyewe kusoma, kuandika na kuhesabu, bila mwalimu, katika muda wa miezi 15. Zawadi zake zote zilikuwa dola milioni 15, zilizotolewa na tajiri Elon Musk. Timu 198 zilijiandikisha. Zikachujwa, zikachujwa tena, hata zikabaki 5, na kila moja katika hizo ikapewa dola milioni 1 ya kuendeleza kazi yake.

Uwanja wa kuzipima timu hizo ulichaguliwa kuwa Tanga. Serikali ya Tanzania, pamoja na UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, ilisimamia kazi hiyo katika vijiji karibu 170 ambako shule ilikuwa mbali au haikuwapo kabisa. Karibu watoto 3,000 walipewa vishikwambi vilivyotolewa na kampuni ya Google. Kwa kuwa umeme haukuwapo, vituo vya kuchaji kwa nguvu ya jua vilijengwa vijijini. Michezo ilisema Kiswahili tangu neno la kwanza hadi la mwisho.

Hali ya watoto hao kabla ya kuanza ilipimwa na kuandikwa. Asilimia 74 hawakuwahi kuingia shule. Asilimia 80 hawakuwahi kusomewa kitu nyumbani. Zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili, lugha wanayoisema. Majaribio yalianza Desemba 2017, yakaisha Machi 2019. Walipopimwa tena, idadi ya wasioweza kusoma neno hata moja ilikuwa imepungua kwa nusu, na wasichana hawakuachwa nyuma na wavulana. Mwezi Mei 2019, mjini Los Angeles, ushindi ulitangazwa wa timu mbili kwa pamoja, nazo zikagawana dola milioni 10: Kitkit School, ya watu wa Korea Kusini na Marekani, na onebillion, ya Uingereza na Kenya.

Historia ya timu hizo mbili ina mafunzo yake. Waanzilishi wa Kitkit School ni mke na mume, Sooinn Lee na Gunho Lee, ambao kabla ya hapo kazi yao ilikuwa kutengeneza michezo ya video ya kawaida, ile ya kuchezea tu. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa na ulemavu. Wakaanza kujiuliza ni kwa nini ufundi wote walionao usitumike kumfundisha mtoto kama wao ambaye darasa la kawaida halimfai. Nao onebillion walikwisha kufanya kazi miaka kadhaa nchini Malawi, jirani wa Msumbiji, kwa lugha ya Chichewa. Utafiti wa Nicola Pitchford wa Chuo Kikuu cha Nottingham, uliochapishwa mwaka 2015, ulifuatilia watoto 318 wa shule ya msingi nchini humo kwa muda wa wiki 8. Baadhi yao walipewa michezo ya hesabu. Wengine walipewa vishikwambi vile vile lakini vyenye michezo isiyo ya hesabu, ili isije ikasemwa kwamba kilichowasaidia ni upya wa chombo tu. Waliocheza michezo ya hesabu ndio waliosonga mbele katika hesabu. Baadaye Serikali ya Malawi yenyewe iliamua kuvieneza vishikwambi hivyo katika shule zake za msingi, hatua kwa hatua.

KINAFANYA KAZI VIPI?

Mtu ambaye hajamwona mtoto akicheza michezo hii atadhani kuna uchawi ndani yake. Hakuna. Mtoto anafungua kioo. Sauti ya mtu mzima, ya upole, inamwambia aguse herufi fulani. Herufi tatu ziko mbele yake. Akiigusa iliyo sahihi, inaruka, inaimba, au mnyama anacheka, na safari inaendelea. Akigusa isiyo sahihi, haikaripiwi, wala hakuna darasa la watoto 80 linalomcheka. Sauti inarudia: jaribu tena. Akikosea mara tatu, mchezo unarudi nyuma kidogo na kumpa jambo jepesi zaidi. Akipata mfululizo, unamruka mbele. Mmoja wa waliofika fainali, mtambo uitwao RoboTutor wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, ulifundishwa hata kumsikiliza mtoto akisoma kwa sauti na kutambua neno lililomshinda.

Siri yote iko katika kile kitendo cha kukosea. Shule zetu nyingi, na hili ninalisema bila kumlaumu mwalimu mwenye watoto 80 na chaki moja, zimefanya kosa kuwa aibu. Mtoto akishajua kwamba kosa lina fimbo, hujifunza kwanza namna ya kunyamaza. Mchezo hufanya kosa kuwa rahisi kama mchanga ule wa mezani: unalifuta kwa kiganja na kuanza upya. Mtoto mmoja huweza kukosea mara 50 kwa saa moja na bado anacheka. Ni mwalimu gani, hata awe malaika, angeweza kumsahihisha mtoto mmoja mara 50 kwa saa bila kuinua sauti?

Na kwa yule mvulana wa miaka 12 aliyerejea Palma bila herufi, hii ndiyo dawa yake hasa, kwa kuwa kioo hakijui umri wake. Humfundisha herufi za darasa la kwanza bila mtu kumwona akizifundishwa.

Lakini tusipambe mambo kupita kiasi. Hesabu ile ile ya Tanga inatuambia kwamba, baada ya miezi 15, kati ya wale ambao hawakuweza kusoma neno, nusu yao bado hawakuweza. Kishikwambi huvunjika, huingia mchanga, huishiwa chaji, huibwa. Hakimshiki mtoto mkono wakati ana homa, wala hakimwulizi kwa nini leo hakuja. Huko Malawi vimepelekwa shuleni, chini ya mikono ya walimu, na kwa maoni yangu hapo ndipo mahali pake. Mahali pasipo na mwalimu kabisa ni afadhali kuliko ukimya. Mahali penye mwalimu ni msaidizi wake, kama vile darubini ilivyo kwa mlinzi.

Wala si lazima mchezo uwe wa kugusa kioo. Kampuni ya Ubongo ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa mwaka 2013, imekuwa ikifundisha hesabu na sayansi kwa katuni na nyimbo za Kiswahili kupitia televisheni na redio. Kwa kijiji kisicho na chochote ila redio ya betri, wimbo wa kuhesabu ni mchezo tosha.

KOSA LENYE GHARAMA

Sasa nageukia jambo ambalo linatugusa sisi kuliko wote. Mwezi Septemba 2015 Msumbiji ilitangazwa kuwa nchi iliyosafishwa mabomu yote ya ardhini yaliyojulikana, baada ya kazi ya zaidi ya miaka 20. Ilikuwa furaha kubwa. Miaka miwili baadaye vita vya Cabo Delgado vikaanza, na pamoja navyo mabomu ya kutegwa barabarani na risasi na makombora yaliyoachwa bila kulipuka mashambani, majumbani na kandokando ya mito. Mtoto ambaye hakuwapo wakati wa vita vya zamani hakufundishwa na mtu yeyote kuyaogopa. Kwake yeye kile ni chuma kizuri chenye kung'aa, cha kuchezea.

Kambodia ni nchi iliyoteseka kwa mabomu kuliko nyingi. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Michigan State, Marekani, pamoja na shirika la Golden West, waliwatungia watoto wa huko mchezo wa video uitwao Undercover UXO. Ndani yake mtoto anatembea katika nchi inayofanana na yake, akitafuta chakula, na njiani kuna dalili: alama iliyochorwa, kichaka kilichoachwa bila kuguswa, kitu cha chuma kilichofunikwa nusu. Asipoziona dalili hizo, mchezo wake umekwisha, na anaanza tena. Mwanajeshi yeyote aliyefunzwa kutambua mitego atakubali kwamba ndivyo naye alivyofundishwa: kwa kukosea mara nyingi mahali ambapo mlipuko ni filimbi ya mkufunzi.

Mchezo wa namna hiyo, wenye minazi, mikoko na michanga ya Palma badala ya mashamba ya mpunga ya Kambodia, wenye sauti ya Kimwani na Kimakonde, ungekuwa na kazi kubwa katika pwani ile. Wahandisi wetu wa medani wanayajua maumbo ya vitu hivyo kuliko wachoraji wa katuni. Ushauri wao ungestahili kutafutwa.

SEHEMU YETU

Kila penye lindo pana watoto. Askari ameketi kivulini, zamu yake imekwisha, simu mkononi. Baada ya dakika kumi kuna vichwa vitano nyuma ya bega lake. Hili tumeliona sote. Sasa swali ni kile kilichomo katika simu ile.

Aghalabu ni mchezo wa kupigana bunduki. Kwa askari mtu mzima hiyo ni burudani. Lakini mtoto aliyelala porini siku tatu huku akisikia bunduki za kweli, na ambaye pengine aliona nyumba yao ikichomwa, hana haja ya kuonyeshwa tena na mtu mwenye sare kwamba kuua ni mchezo. Tusisahau kwamba mchezo hufundisha chochote kinachotiwa ndani yake. Jeshi la Marekani lenyewe lilitoa mchezo wake wa video tangu mwaka 2002 hadi 2022 kwa ajili ya kuwavutia vijana waingie jeshini, na waliofanya hivyo hawakuwa wakitania. Adui naye anajua kutumia simu.

Programu za Tanga zina sifa moja ambayo si watu wengi wanaoijua. Sharti mojawapo la shindano lilikuwa kwamba timu zote 5 zilizofika fainali ziache kazi yao wazi, ili mtu yeyote duniani aichukue, aitumie na kuigeuza bila kulipa. Tena zilitungwa kwa ajili ya vijiji visivyo na mtandao, kwa hiyo zikishaingizwa katika chombo zinafanya kazi mahali ambapo minara ya simu imelala chini. Kikosi chenye fundi mmoja wa mawasiliano mwenye moyo kinaweza kulifanya jambo hili kwa ajili ya shule ya kijiji jirani.

Nimesema shule ya kijiji, na nimesema kwa makusudi. Mtu asije akachukua maneno haya kuwa ruhusa ya kuwakusanya watoto langoni mwa kambi. Mtoto aliyezoea lango la kambi ni mtoto aliye karibu na shabaha ya adui. Yako pia mambo mawili ambayo kila kamanda anapaswa kuyakataza kwa amri iliyo wazi. La kwanza ni kumpa mtoto simu achezee ili aseme ameona nini msituni. Huko ni kumfanya mpelelezi, na wenye kisasi hawaulizi umri. La pili ni kulala darasani. Azimio la Shule Salama la mwaka 2015, ambalo Msumbiji ililiunga mkono tangu mwanzo, linazitaka nchi zilinde shule zisitumiwe na majeshi, kwa sababu jengo lililolaliwa na askari jana hushambuliwa likiwa na watoto kesho. Kishikwambi katika shule iliyogeuzwa ghala la silaha hakimfundishi mtu kitu.

Kwa ndugu zetu polisi kuna kazi ya kawaida tu, ile ile ya kila siku. Vyombo hivi vina thamani sokoni, na vikifika kijijini vitaibwa. Orodha ya namba zake ikiwekwa kituoni siku ya kwanza, na wachuuzi wa simu wa Palma na Mocímboa wakijua kwamba orodha hiyo ipo, nusu ya wizi itakuwa imezuiwa kabla haijafanyika. Kituo cha kuchaji cha nguvu ya jua nacho kijengwe karibu na msikiti, zahanati au nyumba ya mwenyekiti wa mtaa, wala si ndani ya uzio wa polisi, hata kama uzio ndio wenye ulinzi bora. Wazazi wa pwani ile waliona vituo vya polisi vikishambuliwa kwanza kuliko kitu kingine chochote. Hawatawapeleka watoto wao hapo.

Linalobaki ni lugha. Kiswahili cha michezo ya Tanga kitafahamika kwa kiasi kikubwa kwa mtoto wa Quionga na Palma, na kwa kuanzia kinatosha. Lakini kadiri unavyoshuka kusini kuelekea Mocímboa da Praia na visiwa vya mbele yake, ndivyo Kimwani kinavyokuwa lugha ya kwanza kinywani mwa mtoto. Ukipanda bara kuelekea Mueda, ni Kimakonde. Kwa kuwa programu ziliachwa wazi, michoro yake haihitaji kubadilishwa sana. Kinachohitajika ni maneno na sauti, na hayo hayapatikani California wala Seoul. Yanamhitaji mwalimu mmoja wa shule ya msingi anayeijua vema tahajia ya Kimwani, bibi mwenye sauti tulivu ambayo mtoto atapenda kuisikia ikimwambia mara 50 ajaribu tena, na chumba ambacho upepo wa kusi hauingii, kwa wiki chache za kunasa sauti.